Saini Yako Anaiogopa Nani?

Hotuba hii niliitoa Wete, Pemba, Jumamosi asubuhi, mbele ya wakulima wa mwani, vijana wa skuli na vyuo, na wasaidizi wa sheria wenzangu. Waliokuwa Unguja na waliozuiwa na mvua waliniomba niiandike yote, nami nimeiandika kama nilivyoisema. Picha za ukutani hamtaziona humu. Hata waliokuwepo hawakuziona, maana umeme ulikatika kabla sijafungua mdomo.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, wazee wangu, mama zangu mlioacha mwani juani mkaja kunisikiliza, na nyinyi wanangu mnaojificha nyuma na simu zenu: ahsanteni kwa kuja. Na hizo simu msizifiche. Leo ndizo tunazozizungumza.

Niulize kwanza. Nani hapa amewahi kutia saini ombi la mtandaoni? Nyoosheni mikono. Naam, wengi. Mlitia ya nini? Huyu anasema ya kasa. Huyu ya Palestina. Yule pale anacheka, anasema hakumbuki. Na nani kati yenu anajua yale maombi yaliishia wapi? Mikono yote imeshuka! Basi ndilo lililonileta. Sikuja kukwambieni mtie saini zaidi. Nimekuja kuuliza saini yako ukishaitia anaiogopa nani.

Kulalamika kwa mkubwa si jambo geni visiwani humu. Masultani wa Unguja walikuwa na baraza zao. Watu wakienda na shida zao wakikaa wakisubiri zamu. Aliyekwenda alijua anayemwendea ni nani, alimwona kwa macho yake, na akirudi nyumbani ana jibu, liwe tamu liwe chungu. Siku hizi tunaandika kwa kidole, tunatuma, halafu tunalala. Baraza limekuwa kubwa kuliko dunia, lakini aliyekaa kitini hatumwoni. Tena mara nyingi kiti kitupu.

Nikupeni kisa cha nyumbani. Nacho ni cha aibu yetu wenyewe, kwa hivyo kampuni sitaitaja.

Ilikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka, na safari ya boti kwenda Unguja ikavunjwa. Haki kabisa, hakuna anayetaka kusafirishwa kwenye hatari. Sisi watu wa Pemba tumeshazika. Septemba 2011 ilizama meli ya Spice Islander ikija huku, na Julai 2012 ikazama Skagit. Hakuna nyumba hapa isiyomjua mtu. Kwa hivyo boti ikisema haiondoki, sisi tunasema alhamdulillah. Ugomvi ulikuja kesho yake. Tulipokwenda na tiketi zetu dirishani tukaambiwa zimekufa, tarehe imepita, kateni nyengine. Safari wavunje wao, nauli tulipe sisi mara mbili?

Mtoto wa dada yangu akakasirika. Usiku ule ule akaandika ombi mtandaoni. Kichwa chake: "Tumechoka na Usafiri wa Pemba". Limeelekezwa kwa nani? "Kwa Serikali, Makampuni na Wahusika Wote." Ndani kaweka kila kitu: nauli, tiketi, vyoo vya boti, wapagazi wa bandarini, mizigo inayolowa, mpaka bei ya maji ya chupa. Wallahi aliandika vizuri, nilitokwa na machozi. Saini zikamiminika. Watu wetu wa Muscat, wa Dubai, wa London, kila mmoja anaweka maneno ya uchungu. Siku tisa, saini zaidi ya elfu moja na mia tisa.

Likawa nini? Likawa kimya.

Akaja kwangu amenuna. Nikamuuliza: mwanangu, hebu niambie, "wahusika wote" ofisi yao iko wapi? Akanitizama. Nikamuuliza tena: siku barua hii itakapofika, nani atasema "hii ni yangu, nijibu mimi"? Hakuna. Ukimpigia hodi kila mtu, kila mtu atadhani unamwita jirani. Na yule wa Muscat, Mungu amzidishie, boti hii anaipanda lini? Kampuni ikipoteza huruma yake inapoteza shilingi ngapi?

Tukakaa chini tukaanza upya. Safari hii tulitafuta watu waliokuwa na tiketi za siku ile tu. Tukapata mia moja na arubaini na wawili. Kila mmoja akapiga picha tiketi yake. Vyoo tukaviacha, wapagazi tukawaacha, ingawa iliuma. Tukaomba kitu kimoja: kampuni ikivunja safari yenyewe, tiketi ile ile itumike ndani ya siku kumi na nne bila kulipia tena. Tukaielekeza kwa mtu mmoja, kwa cheo chake, meneja wa abiria. Nakala tukaipeleka kwa mamlaka inayosimamia usafiri wa baharini. Tukaichapa karatasi, tukaipeleka kwa mkono, tukadai muhuri wa kupokelewa.

Wiki tatu baadaye likabandikwa tangazo dirishani. Siku kumi na nne hawakutupa, walitupa saba. Lakini tangazo lilibandikwa. Saini mia moja na arubaini na mbili zilifanya ambacho elfu moja na mia tisa hazikufanya. Mnanifahamu? Si kwamba watu wachache ni bora kuliko wengi. Wale mia moja na arubaini na wawili walikuwa abiria, ndio waliokuwa wakimlisha yule bwana.

Sasa tutoke nje kidogo, tuone wenzetu.

Mwaka 2011 kule Marekani, Bank of America ilitangaza kwamba itawakata wateja dola 5 kila mwezi kwa kutumia kadi zao za benki. Yaani fedha zako mwenyewe, ulipie kuzigusa. Binti mmoja wa Washington, Molly Katchpole, umri miaka 22, akaanzisha ombi kwenye Change.org, mtandao wa kukusanya saini. Waliotia saini walipita laki tatu. Tarehe 1 Novemba mwaka ule ule benki ikafuta mpango wote. Mtu akikusimulia kisa hiki atakwambia: ona nguvu ya laki tatu! Mimi nakwambieni tizameni waliotia saini walikuwa nani. Ni watu wenye akaunti. Wakati ule ule kulikuwa na wito mwengine, watu wahamishe akaunti zao kutoka benki kubwa kabla ya tarehe 5 Novemba. Benki haikuogopa majina. Iliogopa majina yenye miguu.

Mwaka uliofuata msichana wa miaka 15 wa Mississippi, Sarah Kavanagh, alisoma maandishi madogo kwenye chupa ya Gatorade, kinywaji cha wachezaji. Akakuta mafuta ya mimea yaliyotiwa kemikali iitwayo bromini. Hebu jiulizeni, nani hapa husoma yale maandishi madogo? Akatafuta, akaona kwamba Ulaya na Japani kitu kile hakiruhusiwi kwenye vinywaji. Akaandika ombi kwa PepsiCo: kiondoeni. Saini zaidi ya laki mbili. Januari 2013 kampuni ikasema inakiondoa kwenye Gatorade, ingawa ilidai ilikuwa na mpango huo tangu zamani. Sawa, makampuni nayo yana haya zao. Mwaka 2014 Coca-Cola nayo ikasema itakiondoa kwenye vinywaji vyake. Na Julai 2024, baada ya zaidi ya miaka kumi na moja, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikakipiga marufuku moja kwa moja. Mtoto wa skuli huyo! Lakini hata yeye, aliomba kitu kimoja, kwa kampuni moja, na waliotia saini ni watu wanaonunua chupa.

Na msidhani haya ni ya Wamarekani na kompyuta zao. Mwaka 1928, pale Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, wapangaji wa viwanja waligoma kulipa kodi ya ardhi. Wamejenga vibanda vyao kwa mikono yao, na kila mwezi mwenye kiwanja anataka chake. Intaneti ipo? Simu ipo? Hakuna. Lakini walijua kitu ambacho mtoto wa dada yangu alikisahau: mwenye kiwanja anaogopa kukosa kodi. Wakamnyima hicho hicho.

Sasa mama zangu wa mwani, nije kwenu. Najua ndicho mlichokijia, na nimeona karatasi mliyokuja nayo. Mmeandika: "Tunaomba bei ya mwani ipande." Nani hataki? Kilimo hiki cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya themanini, kikaenea mpaka kwetu, na kwa miaka yote hiyo wimbo ni mmoja: bei. Unaamka na maji ya bamvua, unasimama baharini mgongo umepinda, unafunga taitai, vile vikamba vya kushikia mwani, moja moja kwenye kamba, jua linakuchoma juu na chumvi inakula chini. Mwani wa kotoni wenye bei nzuri zaidi ndio unaokufa maji yakipata joto, na ule wa spinosamu unaovumilia ndio wa bei ya chini. Unakausha, unajaza magunia, mnunuzi anakuja na mzani wake na bei yake. Ukikataa, gunia halipikiki likaliwa.

Basi tuulize lile swali letu. Saini zenu nyinyi mia tatu, mkizipeleka kwa mnunuzi, anaogopa nini? Akijua kwamba mtamuuzia vile vile kesho asubuhi, haogopi kitu. Atakukaribisheni vizuri, mtakunywa soda, mtarudi.

Lakini tuufuate mwani wenyewe. Unatoka hapa unakwenda kwa mnunuzi, kwa msafirishaji nje, unafika kiwandani Ulaya au kwengine, wanautoa ule uteute wanaouita karajinani, unaingia kwenye dawa ya meno, kwenye aiskrimu, kwenye mafuta ya kujipaka. Mwisho wa kamba ile yuko mama mwengine, dukani, ameshika tyubu ya dawa ya meno, hajui kwamba nyinyi mpo. Huyo mama ndiye anayeogopwa na kampuni. Huyo akiuliza "aliyelima hiki alilipwa ngapi?", kuna mtu mwenye tai atakosa usingizi.

Kwa hivyo ombi lenu liwe mawili, wala si moja. Lile la hapa lisiseme "bei ipande". Liseme kitu kinachoweza kufanyika na mtu mnayemjua: mizani ikaguliwe mbele ya wauzaji, bei ibandikwe kabla ya bamvua badala ya baada ya kuvuna. Hilo afisa anaweza kuliandikia barua wiki hii. Akikataa, ajieleze kwa nini. Na lile la nje liandikwe na kutiwa saini na wale wanaonunua, nyinyi mtoe kisa chenu na picha zenu kwa hiari yenu. Watalii wanaokuja Paje kupiga picha na kamba zetu wanatumia dawa gani ya meno? Waulizeni.

Mheshimiwa sheha ananitizama. Nakuja, mheshimiwa, nakuja kwa wakubwa.

Kwa maafisa na serikali mambo si yale yale. Kampuni inaogopa mteja. Afisa anaogopa mkubwa wake, anaogopa mpiga kura, na anaogopa faili lenye tarehe. Kule Uingereza wamejiwekea utaratibu: ombi kwa Bunge likifika saini 10,000 serikali inajibu, likifika 100,000 linafikiriwa kujadiliwa. Safi sana. Na bado mwaka 2019 zaidi ya watu milioni 6 walitia saini wakitaka nchi isitoke Umoja wa Ulaya. Likajadiliwa, likajibiwa, jibu likawa hapana, na Januari 2020 wakatoka. Milioni 6! Visiwa vyetu vyote viwili watu hawafiki nusu ya hapo. Sisi huku hatuna hata kizingiti kama kile cha kutegemea, kwa hivyo idadi peke yake itatufikisha wapi?

Jirani zetu wa Kenya walitufundisha. Mwaka 2013 msichana wa miaka 16, aliyepewa jina la Liz ili kumstiri, alishambuliwa na kundi la wanaume kule Busia. Nisamehewe, kuna watoto humu, sitaeleza zaidi. Waliokamatwa wakapewa adhabu gani? Kukata nyasi za kituo cha polisi, kisha wakaenda zao. Kukata nyasi! Mwanaharakati mmoja wa Nairobi akafungua ombi kwenye Avaaz, mtandao mwengine wa maombi, na saini zikapita milioni. Lakini wanawake wale hawakukaa nyumbani wakihesabu. Oktoba 2013 waliandamana mpaka makao makuu ya polisi Nairobi wakapeleka saini zile kwa mikono yao. Wanasheria wakafuatilia. Mahakama ikaenda pole pole kama zinavyokwenda mahakama. Mwaka 2015 wanaume watatu wakahukumiwa miaka 15 jela. Kutoka tukio mpaka hukumu, karibu miaka miwili. Nani alilibeba faili muda wote huo? Si wale milioni. Ni wachache waliokubali kuchosha watu.

Na sasa la kwetu Tanzania, nalisema kwa adabu lakini nalisema. Loliondo, kwa ndugu zetu Wamasai. Kulikuwa na ombi kwenye Avaaz juu ya ardhi yao, likapata saini zaidi ya milioni 2 kutoka dunia nzima. Novemba 2014 Rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, akaandika kwenye Twitter kwamba hapajawahi kuwa na mpango wa kuwahamisha Wamasai kwenye ardhi ya mababu zao, wala hautakuwepo. Dunia ikashangilia. Waliotia saini wakaenda kwenye ombi jengine. Juni 2022, Rais mwengine, maafisa wengine, vikawekwa vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500 za eneo lile lile, na watu wakaumia. Wale milioni 2 walikuwa wapi siku ile? Siwalaumu. Walikwisha kuambiwa wameshinda. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, na nilifuta ile barua pepe ya ushindi nikiwa nacheka.

Tangu siku ile ahadi ya mdomo siihesabu, wala ya Twitter. Nauliza: imeandikwa kwenye kanuni gani? Ina tarehe gani? Mwenye kiti akiondoka, anayefuata inamfunga?

Vijana, ya kwenu nayasema haraka maana adhana iko karibu. Kutoa maoni ni haki yenu; Katiba ya Zanzibar ya 1984 inaisema kifungu cha 18, na ya Muungano nayo, kwa bahati nzuri ya kukumbuka, ni ibara ya 18 hiyo hiyo. Lakini ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inafika mpaka huku, na ndani yake kuchapisha taarifa za uongo ni kosa. Kwa hivyo andika ulichokiona, weka picha ya tiketi, weka picha ya mzani. Usimwite mtu mwizi kwa sababu una hakika moyoni. Na majina na namba za simu za watu usizianike kwenye makundi ya WhatsApp. Tangu 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi. Mwanamke akitia saini juu ya mwajiri wake, jina lake ni amana.

Jengine: ukishatia saini, baadhi ya mitandao hii inakuomba uchangie fedha. Fedha zile zinatangaza ombi liwafikie watu wengi zaidi. Haziji kwa mama wa mwani. Ukitaka toa, usitake acha, lakini ujue.

Na msimtilie saini bibi yako kwa barua pepe yako. Najua mnafanya! Bibi asiyekuwa na simu ana kidole gumba. Ombi la mtandaoni liwe na ndugu yake wa karatasi, likae kwa sheha au barazani penye kahawa, watu wasomewe kwa sauti kabla ya kutia dole. Pale pale barazani ndipo mtakaposikia kama mmeomba kitu cha maana. Wazee wakikaa kimya mkishasoma, rudini mkaandike upya.

Nimeona mkono. Karibu, mama.

(Mama mmoja kutoka pwani ya Micheweni aliuliza: "Mwalimu, na wakijibu hapana?")

Wakijibu hapana, mama yangu, iombeni hapana hiyo kwa maandishi, yenye jina la aliyesema na tarehe. Sisi watu wa boti tuliambiwa hapana mara mbili kabla ya zile siku saba, na barua zote mbili ninazo ndani ya mkoba huu. Siku saba nyengine bado tunazidai. Kikao cha mwezi ujao na yule meneja ni Jumatatu ya pili, asubuhi, na nafasi kwenye gari zipo tano. Anayetaka kuja aandikishe jina kwa kijana pale mlangoni, na aje na tiketi yake.